Alikwenda Kuchukua Maji

Vijana wangu, shikamoo zenu nimezipokea zote. Katika mengi nitakayowasema leo, kukosa adabu hakumo. Kijana wa Tanga hata akija kuchimba kaburi la babu yako atakuamkia kwanza, atakuuliza hali ya magoti, atakupokea mkoba, ndipo aulize kichwa cha marehemu kimelala upande gani. Msidhani natia chumvi. Nimeliona kwa macho yangu mwaka huu huu, na ndilo lililonikalisha chini kuandika, mimi ambaye kalamu yangu kwa muda mrefu ilikuwa spana.

Jina langu ni Bakari. Nimefanya kazi kwenye reli ya Tanga tangu nikiwa na nywele mpaka zikaniaga. Nilianza kama mtia moto kwenye injini za mvuke, nikawa dereva, nikamalizia kwenye dizeli, ambayo si kuendesha bali ni kukaa kwenye kiti na kusikiliza kelele. Sasa ninakaa Ngamiani, nimestaafu kwa heshima zote, na heshima yenyewe ni kuulizwa swali moja kila ninapotoka kununua mkate: "Mzee Bakari, hebu tuambie, ile treni iko wapi?"

Kwa wageni wa mji huu nieleze. Wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, mtu mweusi aliiba treni nzima pale stesheni ya Tanga, mchana kweupe, askari wamesimama na bunduki zao. Hilo ni kweli na kila mtu analijua. Yaliyobaki yote ambayo kila mtu anayajua ni uongo, na kila mtaa una uongo wake wa kujitegemea.

Kinyozi wangu, anayenipunguza ndevu zilizobaki, anashikilia kwamba treni iliingia mapango ya Amboni ikatokea Mombasa. Nilimuuliza reli iliingiaje pangoni. Akasimamisha mkasi, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, treni ile haikuwa na haja ya reli." Maisha yangu yote nimeogopa taruma moja la reli lililooza, kumbe ningesoma kisomo tu nikapita. Nina rafiki Tongoni anayeapa kwamba imezikwa chini ya magofu. Shemeji yangu wa Pangani yeye anasema ilivushwa mto kwa pantoni, ile pantoni ambayo hata leo lori la nazi likipanda watu huanza kuvuta uradi. Na mwizi mwenyewe kila kabila limempa uraia: kwa Wadigo ni Mdigo, kwa Wasambaa ni Msambaa, na kuna bwana mmoja pale sokoni amekwisha kumfanya mjomba wake.

Jambo moja tu wamekubaliana wote. Treni ilijaa dhahabu.

Sasa niwaulize ninyi wataalamu wa dhahabu. Mnadhani injini ya mvuke inaibwa vipi? Mnamwona mtu anatoka kichakani mbio, anaruka juu, anageuza ufunguo, huyoo? Injini ya mvuke haina ufunguo. Ukiikuta imelala baridi utakaa nayo asubuhi nzima ukiibembeleza: unaanza na moto mdogo, uwe mwembamba, uutandaze pande zote, usiurundike mahali pamoja kama unachoma takataka. Ukiwa na papara utapasua kitu, na kitu chenyewe kinaweza kuwa wewe. Unatazama kioo cha maji kila mara, maana maji yakishuka chini ya alama boila inaungua, na boila ikiungua hutafutwi tena, unaokotwa. Wizi wa namna hiyo unataka mtu ambaye watu wote wamekwisha kumzoea hapo alipo, mpaka hawamwoni tena.

Mambo haya nilifundishwa na Mzee Danieli, Mbondei wa upande wa Ngomeni, mtu mrefu, mkavu, mzee wa kanisa, ambaye hakuwahi kutukana hata siku moja. Hakuhitaji. Ukikosea alikuwa anakohoa tu. Kikohozi chake kimoja kilitosha kukunyima usingizi.

Wakati wangu injini zilikuwa zimeacha kuni zamani, zilichoma mafuta mazito, meusi kama lami. Mafuta hayo yana masizi, na masizi yakijaa kwenye mabomba ya boila injini inakosa pumzi. Dawa yake ni mchanga. Injini ikiwa inavuta kwa nguvu unatupia mchanga kwa koleo kwenye tanuri, unafyonzwa, unakwangua mabomba, na uchafu wote unaruka nje juu kwenye dohani. Kazi nzuri, na ina sharti moja: usiifanye karibu na nyumba za watu. Mie niliifanya Muheza, siku ya Ijumaa, kanzu za mji mzima zimeanikwa. Mzee Danieli alikohoa mara moja. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa nikipita Muheza nimeinama chini ya dirisha, maana kina mama wa pale walikuwa wanaijua sura yangu na walikuwa wanalenga vizuri kwa machungwa mabovu.

Lakini kosa lililonipa hadithi hii nililifanya Korogwe.

Ilikuwa desturi ya kazi kwamba treni ikisimama stesheni kubwa, dereva anateremka kula na mtia moto anabaki na injini. Mtia moto akiona maji yamepungua hamsumbui mtu. Anaikata injini kutoka kwenye mabehewa, anaisogeza mwenyewe mpaka kwenye bomba la maji, anajaza, anarudi, anafunga. Hakuna anayegeuka kumtazama. Ni kama kumwona mama lishe anakwenda na ndoo.

Siku hiyo nilifanya yote hayo kwa ustadi mkubwa, isipokuwa kukata. Nilivuta mpini wa mvuke, injini ikaondoka taratibu, nikajisifu moyoni kwamba sasa mkono wangu umekuwa laini. Kumbe nimeongozana na mabehewa yote, na abiria wote, na mama mmoja aliyekuwa mlangoni ananunua machungwa, ambaye alifika kwenye bomba la maji na chungwa moja mkononi huku muuzaji na kikapu wamebaki nyuma wanadai. Stesheni nzima ilipiga kelele. "Mjinga huyo! Kasahau kukata! Mjinga!" Wapagazi, wauza mayai, stesheni masta mwenyewe, kila aliyekuwa na mdomo aliutumia.

Mzee Danieli alitoka hotelini na ugali bado vidoleni. Nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Alisimama akatazama ile treni iliyokwenda kunywa maji kifamilia, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye reli, mtu mzima, mzee wa kanisa, machozi yanamtoka.

"Bakari," alisema alipopata pumzi, "wee umelifanya hili kwa ujinga. Baba yangu alilifanya kwa makusudi. Na walimpigia kelele hizo hizo."

Ndivyo nilivyojua treni iliibwa na nani. Haikuibwa na mganga wala jini wala mjomba wa yule bwana wa sokoni. Iliibwa na mtia moto aliyeitwa Yohana, baba yake Mzee Danieli, na nitawaeleza kama nilivyoelezwa pale Korogwe, tumekaa kwenye reli, abiria wakitununia.

Ile treni ilikuwa ya mabehewa ya mizigo, na mizigo yenyewe ilikuwa watu. Wanaume waliokamatwa vijijini, Bonde na kandokando yake, wapelekwe bara kuwabebea wanajeshi. Wakati ule kila nyumba ilikuwa inajua kwamba mtu akienda kubeba mizigo ya vita, mkewe aanze kuzoea ujane. Njaa iliwaua na homa iliwamaliza waliobaki. Basi walikuwa wamefungiwa ndani ya mabehewa tangu asubuhi, milango imekazwa kwa vyuma kutoka nje, na jua la Tanga mnalijua.

Yohana alikuwa juu ya injini anatia kuni. Akasikia sauti kutoka behewa la kwanza. Hawakuomba kufunguliwa, walikuwa wanaomba maji. Akateremka, akamwendea askari wa zamu, akamwomba ruhusa awapelekee ndoo moja. Askari akamjibu kwamba maji ya pale ni ya injini.

Yohana hakubishana. Alirudi juu, akatazama kioo chake, akamtazama dereva wake Mjerumani aliyekuwa anakula kivulini na bwana wa stesheni. Akavuta mpini. Injini ikaondoka, mabehewa yakafuata, na askari wote wakageuka kutazama mtia moto anayekwenda kuchukua maji na treni nzima nyuma yake.

Na walicheka! Hapo ndipo Mzee Danieli alipokuwa anapiga paja. Walicheka wakashika mbavu. Bwana wa stesheni alitoka na kitambaa cha chakula shingoni, akamrushia matusi ya Kijerumani ambayo Yohana aliyahifadhi maisha yake yote akamfundisha mwanawe, na ndicho Kijerumani pekee kilichorithiwa katika ukoo ule. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyeinua bunduki. Nani anampiga risasi mjinga? Walikuwa wanamngoja afike kwenye bomba, ageuke nyuma, aone alivyojiaibisha, arudi kinyumenyume. Wakamwona analipita bomba. Wakasema, tazama mjinga, hata bomba halioni. Walipoanza kukunja uso treni ilikuwa imekwisha kupotea machoni.

Simu walipiga, ndiyo. Lakini nani angesema ameibiwa treni na mtia moto? Wakapiga Muheza wakasema kuna mjinga anakuja huko, mzuieni. Muheza wakakaa wakimsubiri mjinga, na mjinga hakufika.

Hakufika kwa sababu ya kilima kabla ya Muheza. Mie nimekipanda kilima kile mara nyingi kuliko nilivyopanda ngazi za nyumba yangu, na nawaambia kinataka moto. Yohana alikuwa na kuni za kuiweka injini moto kituoni, si za kupandia mlima. Mvuke ukaisha katikati ya mashamba ya mkonge, wasimamizi wa mzungu hawako mbali. Akateremka akafungua milango yote, akawaambia waondoke.

Hapa msikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo panaporukwa na vinyozi wote. Wenye nguvu wangeweza kukimbia. Lakini mle ndani walikuwamo wasioweza hata kusimama. Basi wale wenye nguvu hawakukimbia. Waliingia kandokando ya reli wakaokota kila kinachowaka, wakabomoa mbao za mabehewa waliyofungiwa, wakazibeba kichwani mpaka kwenye injini, kama wapagazi hasa, ila safari hii hakuna aliyewashikia fimbo. Yohana akatia moto. Mvuke ukapanda. Wakakivuka kilima, wakateremka hadi bondeni, kabla ya kufika Muheza, karibu na vijiji vyao, na hapo wagonjwa wakabebwa mgongoni, na watu wakapotea kila mmoja kwa njia yake.

Wote wakaenda, Yohana akabaki. Alikuwa anakokota moto nje ya tanuri, kwa sababu maji yalikuwa yamebaki kidogo na boila ikiachwa na moto bila maji inaharibika. Walipokuwa wakiondoka walimpigia kelele kwamba anachelewa, atakamatwa, injini ya Mjerumani inamhusu nini. Akawajibu kwamba injini haijamkosea. Alipomaliza ndipo akaiacha treni pale pale relini, akaingia porini, akaishi huko mpaka vita ikasogea kusini.

Mnataka kujua alizawadiwa nini? Waingereza walipoishika reli alikwenda kuomba kazi. Wakamuuliza kama amewahi kuendesha treni. Akasema, mara moja. Wakamwajiri kuwa mtia moto, na mtia moto akabaki mpaka walipomstaafisha, kwa maana kiti cha dereva enzi zile kilikuwa na rangi yake. Akajenga nyumba pale pale bondeni aliposimamisha treni, akapanda michungwa.

Nilimwona mwenyewe, uzeeni kwake, siku nilizomsindikiza Mzee Danieli nyumbani. Alikuwa kibabu kifupi kisichosikia vizuri ila kwa mambo ya injini. Treni ikipita alikuwa anainua kidole: "Moshi mweusi huo. Nani huyo anayemwaga mafuta?" Mara nyingine nilikuwa mimi. Nakumbuka pia kwamba kibarazani kwake hapakukosekana mizigo ya kuni, imepangwa vizuri, mingi kuliko mahitaji ya nyumba. Nikadhani wananunua. Nilikuwa kijana, nilikuwa naangalia zaidi chungu kuliko kilichokichemsha.

Alipofariki tulimzika shambani mwake, na Mzee Danieli akaleta kipande cha reli kuukuu, tukakisimamisha kichwani pa kaburi. Nilikuwa mmoja wa waliokibeba, na bega langu la kushoto halijasahau. Miaka ikapita, Mzee Danieli naye akaenda. Nilimlilia mzee yule kuliko nilivyomlilia baba yangu, na sioni haya kulisema. Shamba likabaki kwa binti yake, Bi. Roza, mjane, mama wa machungwa, mwenye kikohozi kile kile.

Ndiye aliyenipigia simu mwaka huu. "Kaka Bakari, njoo. Kuna watu wanataka kumfukua babu."

Nilipanda basi la Muheza nikiwa nimevaa kofia vibaya. Nilipofika niliwakuta vijana wanne shambani, wamevaa mabuti ya mpira, wana sururu, wana mabeleshi, wana kifaa kama fagio la chuma lenye sahani chini, na waya mweusi mrefu uliojikunja kama wa simu za zamani, unaokwenda masikioni kwa mkubwa wao. Mkubwa huyo anaitwa Rashidi. Walikuwa wameaguliwa na mtaalamu mmoja anayetazama ndani ya bakuli la maji, wamempoza mwenyekiti wa kitongoji kwa kumwahidi fungu lake, na hawakuwa na kinyongo na mtu. Wote wanne waliniamkia. Mmoja alinipokea mkoba.

Bi. Roza alikuwa amekaa juu ya kaburi. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anamenya chungwa.

"Mzee," Rashidi akaniambia kwa upole kabisa, "sie hatumvunjii mtu heshima. Mjerumani alikuwa mjanja. Alikuwa akificha mali anaweka kaburi la uongo juu yake. Na mashine inalia. Sikiliza."

Akapitisha sahani karibu na kile kipande cha reli. Mashine ikalia kweli, ikalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

"Mwanangu," nikamwambia, "inalia kwa sababu kuna chuma."

"Enhe! Wasikia, mzee mwenyewe anakubali."

"Chuma chenyewe si hicho unakiona? Kimesimama! Kina urefu wa mtoto wa shule! Umeleta mashine kutoka mjini ikuonyeshe kitu ambacho ukiteleza kitakuvunja meno?"

"Ndiyo alama yenyewe hiyo, mzee. Reli inasimama wima kwa sababu gani kama si alama?"

Nilimweleza kwamba reli hiyo niliibeba mimi kwa bega langu. Akaniuliza, kwa adabu, kama Mjerumani alinilipa. Basi nikakaa kwenye ukingo wa kaburi na nikawahadithia yote, kama nilivyowahadithia ninyi, kuanzia ndoo ya maji mpaka moto kukokotwa. Walinisikiliza. Vijana wetu wanasikiliza sana, tatizo ni kwamba wanasikiliza wakingoja dhahabu itajwe. Nilipomaliza, mmoja wao alikuna kichwa.

"Sasa mzee, mtu aibe treni nzima, asipate kitu? Yaingia akilini kweli?"

Niwaambieni ukweli. Nilichokuwa nacho ni hasira, na fimbo. Rashidi akavua waya masikioni, akautundika shingoni, akashika sururu.

"Bibi, samahani sana," akamwambia Bi. Roza. "Inuka kidogo tu. Tukikosa tunafukia, tutapasawazisha kuliko palivyokuwa."

Bi. Roza hakuinuka. Alimtazama, akamtazama tena kichwa kikiwa upande. Akamuuliza, "Wee mwana wa nani?"

"Mie wa Kicheba, bibi."

"Kicheba ni kubwa. Nakuuliza wa nani."

"Nyanya aliyenilea ni Bi. Mwanakombo. Marehemu sasa."

Bi. Roza akaweka kisu chini. "Basi wee ndiwe uliyekuwa ukiniletea kuni."

Vijana wale walikuwa wamekuja kwa barabara ya juu, na pikipiki, wakaingilia shambani. Sasa ndipo Rashidi alipogeuka akaitazama nyumba, akaitazama njia ndogo inayotoka nyuma yake kwenda Kicheba, akaitazama tena nyumba.

"Ilikuwa ya makuti," akasema.

"Tumeweka bati."

"Kulikuwa na mbwa mweupe."

"Amekufa zamani. Na wewe ulikuwa ukimwogopa, ulikuwa ukiutupa mzigo pale mwisho wa baraza na kutimua mbio." Bi. Roza alikuwa karibu kucheka. "Nyanya yako alikuambia kwa nini unaleta?"

"Hapana. Alisema nitue, niondoke, nisiombe hata maji. Nikamuuliza sababu, akasema kwetu ndivyo tunavyofanya kila tukivuna. Na baba yake alifanya hivyo hivyo."

"Baba yake," Bi. Roza akasema, "alikuwamo katika behewa la kwanza."

Hata mimi, vijana wangu, mimi ninayejua kila bolti ya hadithi hii, hilo nilikuwa silijui. Nilizipita kuni zile kibarazani miaka nenda rudi nikidhani zimenunuliwa. Kumbe zilikuwa zinakuja kutoka nyumba hii na nyumba ile, Kicheba na kwingineko, za watu waliookota kuni siku ile kilimani, na watoto wao, na wajukuu ambao hata hawajui wanafanya nini ila kwamba kwao ndivyo. Mji mzima ulikuwa unaropoka habari za mapango na pantoni, na waliokuwa wanakumbuka vizuri walikuwa wamefunga midomo wamejitwika mizigo.

Rashidi alibaki ameshika sururu kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike. Kisha akaiweka chini polepole, mbali na kaburi.

"Fungasheni," akawaambia wenzake.

"Rashidi! Na ile mashine tuliyoikodi?"

"Nimesema fungasheni."

Mmoja alinong'ona kwamba mtaalamu aliona dhahabu wazi kabisa ndani ya maji. Rashidi akamwambia aende basi akachimbe ndani ya hayo maji. Kabla hawajaondoka alimwendea Bi. Roza, akapiga goti, akamwamkia upya, kana kwamba ile shikamoo ya kwanza haikuhesabika. Bi. Roza akampa nusu ya chungwa.

Mimi nilirudi Ngamiani nikidhani mambo yamekwisha. Nilisahau ninaishi wapi. Kufikia Ijumaa mtaa ulikuwa umekwisha kupata habari kamili: vijana waliipata dhahabu, mzee Bakari akaja na basi, akawatia maneno, akaibeba yote. Ushahidi ni ndara zangu mpya. Kinyozi wangu sasa ananiita "bosi" na hanyoi bila kuniuliza hali ya Mombasa. Nimejaribu kumweleza habari za wapagazi, za kilima, za ndoo ya maji. Ananiitikia, "Naam, bosi, naam," na anamkonyeza anayefuata kwenye foleni. Basi sawa. Semeni treni iko Amboni. Semeni iko chini ya kitanda changu. Yohana aliitwa mjinga na stesheni nzima na hakugeuka nyuma kusahihisha mtu, na mimi mwanafunzi wa mwanawe nitajikaza.

Ila wiki iliyopita nilikwenda kumtazama Bi. Roza. Mavuno ya mahindi yamekwisha upande ule. Bi. Roza, niwakumbushe, ana jiko la gesi, aliletewa na mwanawe wa Dar, linang'aa, amelifunika kitambaa cha kufuma. Nilikuta kwenye mwisho wa baraza, pale pale alipokuwa akilala mbwa mweupe, mzigo mkubwa wa kuni kavu, umefungwa barabara kwa waya mweusi uliojikunja.

"Nani kaleta?" nikamuuliza.

"Sikumwona. Nimesikia kishindo tu, nikasikia mtu anakimbia."

Tulikunywa chai ya kuni, yenye moshi, na lile jiko la gesi likitutazama.